Kupima magugu kwenye shamba la miparachichi: jembe, fyekeo, matandazo au dawa?

Mkulima wa parachichi wa Njombe au Rungwe anayetaka kujua kati ya jembe, fyekeo, matandazo na dawa kipi kinamfaa, mara nyingi hutazama jambo moja tu: kipande kipi ni safi. Jicho hilo linadanganya. Wiki moja baada ya palizi, palipolimwa kwa jembe huwa peupe kabisa, na penye matandazo pana vichipukizi hapa na pale. Wiki ya sita mambo yamegeuka. Tena, magugu mawili yanayofunika eneo sawa hayamuumizi mti sawa. Ndago iliyochomoza kwenye kisahani (duara la udongo linalozunguka shina) cha mti wa mwaka mmoja si sawa na nyasi fupi iliyo katikati ya mistari, mita tatu kutoka kwenye shina.

Kila njia ya kutunza udongo huua baadhi ya magugu na kuyafungulia mlango mengine. Kwa hiyo kipimo chochote cha maana kinapaswa kujibu maswali manne: magugu gani, sehemu gani ya shamba, kiasi gani, na lini. Ukikosa moja kati ya hayo, takwimu zako zitakupeleka kubaya.

Hesabu zilizo hapa chini ni za shamba la parachichi aina ya Hass lenye nafasi ya mita 7 kwa 7, yaani miti 204 kwa hekta au kama 82 kwa ekari, kwenye nyanda za juu kusini ambako mvua kubwa huanza Novemba na kuishia Aprili au Mei. Mwenye michungwa Muheza au miembe Makueni atafuata hatua zilezile, ila tarehe na vipimo vya nafasi vitakuwa vyake.

Mzizi wa mparachichi kwanza

Mizizi inayolisha mparachichi iko juujuu. Sehemu kubwa imo ndani ya sentimita 30 za kwanza, na penye matandazo ya muda mrefu utaikuta imepanda hadi chini kabisa ya majani yanayooza, myeupe na minene kama tambi. Haina vinyweleo vingi vya kunyonya maji kama mizizi ya mahindi, hivyo haiwezi kushindana na nyasi. Jembe likishuka sentimita 10 kwenye kisahani linaikata, na kila jeraha ni mlango wa *Phytophthora cinnamomi*, kimelea kinachofanana na kuvu kinachoozesha mizizi hasa kwenye udongo unaotuama maji. Ndiyo maana kipimo cha magugu kwenye parachichi hakikamiliki bila kuandika pia palizi ilifanywaje na kwa kina gani. Kipande kinaweza kushinda kwa usafi huku miti yake inanyauka.

Gawa shamba kabla ya kupima

Kama nia ni kulinganisha njia nne (jembe, kufyeka, matandazo, dawa), usitoe upande mmoja wa shamba kwa jembe na upande wa pili kwa matandazo. Kwenye mteremko, bondeni kuna udongo mzito na unyevu, na magugu ya huko yangekuwa mengi hata usingefanya lolote. Gawa shamba katika bloku nne zinazofuata kontua, kila bloku ikae kwenye usawa mmoja wa mteremko. Ndani ya kila bloku weka njia zote nne, na mahali pa kila njia papatikane kwa kura: andika vikaratasi vinne, kunja, chagua. Bloku inayofuata, kura upya.

Kipande kimoja kiwe na mistari mitatu ya miti minne minne. Pima kuzunguka miti miwili ya katikati tu. Mingine kumi ni walinzi. Ukipima mpakani utakuta mbegu zilizopeperushwa kutoka kwa jirani, dawa iliyochukuliwa na upepo, na ukoka unaotambaa kutoka kipande cha pili, kisha utalaumu njia isiyo na kosa.

Kila kipande kiachie eneo dogo la kulinganishia ambalo halipaliliwi: mita 2 kwa 2 katikati ya mistari na nusu mita mraba kwenye mstari wa miti, likiwa limezungushiwa vigingi vinne. Usiache kisahani kizima bila palizi msimu mzima kwa ajili ya utafiti. Mti wa chini ya miaka mitatu hautakusamehe. Vibarua wasipoambiwa, eneo hili ndilo la kwanza kufyekwa, kwa hiyo paka vigingi rangi na uwaonyeshe kwa kidole.

Halafu tenganisha maeneo mawili katika kila kipande: mstari wa miti (upana wa mita 2, mita moja kila upande wa shina) na uwazi wa katikati (mita 5 zinazobaki). Kwa nafasi ya mita 7, mstari ni 29% ya shamba na uwazi ni 71%. Usichanganye takwimu za maeneo haya mawili wakati wa kupima. Utazichanganya baadaye kwa hesabu, kama utalazimika.

Fremu

Fremu ya sentimita 50 kwa 50 inatosha kwa magugu ya kawaida ya bustani. Eneo lake ni robo mita mraba, hivyo idadi yoyote ukiizidisha kwa 4 unapata kwa mita mraba. Chukua bomba la plastiki la nusu inchi na kona mbili tu. Ndiyo, mbili: fremu ya pande tatu iliyo wazi mbele huingia chini ya matawi ya chini na kupenya kwenye nyasi ndefu bila kuzilaza. Upande wa nne ni kamba ya manila unayofunga baada ya kuiweka. Vipimo vya sentimita 50 ni vya ndani, siyo vya nje. Ukishaunganisha, pima mshazari: ukiwa 70.7, fremu imenyooka.

Kata pia vipande viwili vya boksi gumu. Cha kwanza sentimita 5 kwa 5, ambacho ni 1% kamili ya fremu. Cha pili sentimita 25 kwa 25, ambacho ni 25%. Jicho la mtu yeyote huongeza chumvi kwenye majani mapana na kupunguza kwenye nyasi nyembamba. Ukiweka kile kidogo juu ya mche wa kishona nguo na kujiuliza "hivi ni vingapi kama hiki?", unajirekebisha papo hapo. Watu wawili wanaoanza kazi hii wakadirie fremu kumi zilezile kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Wakitofautiana zaidi ya asilimia 10, warudie mpaka wakaribiane.

Kama wapimaji ni wawili au zaidi, mmoja apime bloku nzima, siyo njia moja. Juma akipima matandazo yote na Asha akapima jembe lote, hutajua kama tofauti ni ya shamba au ya macho yao.

Wapi pa kuweka fremu

Kurusha fremu nyuma ya bega siyo bahati nasibu. Mtu hurusha kule asikoogopa miiba, na huacha kurusha palipo na tope. Tumia namba. Simu ina saa ya kusimamisha: iwashe, izime, chukua tarakimu mbili za mwisho. Kwenye uwazi wa katikati, namba ya kwanza ni hatua za kwenda mbele na ya pili ni hatua za kwenda pembeni. Ikizidi kipande, zima tena.

Kwenye mstari wa miti tumia uso wa saa. Shina ni katikati, namba 12 inaelekea juu ya mteremko. Chagua namba 1 hadi 12 kwa bahati, halafu umbali wa sentimita 50 au 100 kutoka kwenye shina kwa kurusha sarafu. Kukubaliana mapema: ni namba iliyochapwa kwenye uso wa saa, siyo saa ya Kiswahili. Ukimwambia mwenzako "weka saa sita" na yeye akaelewa 12 wakati wewe unamaanisha 6, amepima upande wa pili kabisa wa mti.

Fremu ngapi? Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Pima tano za majaribio kwanza. Tuseme umehesabu magugu 12, 4, 30, 9 na 20. Wastani ni 15. Toa wastani kutoka kila namba, zidisha tofauti kwa yenyewe, jumlisha (9 + 121 + 225 + 36 + 25 = 416), gawa kwa 4: unapata 104. Ukitaka kosa lisizidi robo ya wastani, yaani 3.75, fremu zinazohitajika ni 4 × 104 gawanya kwa 3.75 × 3.75, ambayo ni karibu 30. Kwa njia moja kwenye bloku nne, hizo ni fremu 8 kwa kila kipande katika kila eneo. Tano hazikutosha hata kidogo, kwa sababu magugu hukaa kwa mafungu, hayajapangwa kama miche ya vitunguu.

Nini kiandikwe ndani ya fremu

Anza na vitu visivyoharibu chochote: asilimia ya ufunikaji. Andika tano kila moja peke yake: magugu, mimea funika uliyopanda, matandazo, udongo mtupu, mawe. Jumla inaweza kupita 100, kwani kongwa hutanda juu ya matandazo. Usijilazimishe kuiweka sawa. Udongo mtupu usiuache. Kwenye miteremko ya Rungwe, kipande chenye magugu 5% na udongo mtupu 90% kinapoteza udongo wa juu kwa mvua moja kubwa, na takwimu ya magugu peke yake ingekitangaza mshindi.

Mimea funika kama desmodiamu, fiwi au mukuna si magugu hata ikikukera. Ikiingizwa kwenye hesabu ya magugu, njia hii itaonekana ndiyo mbaya kuliko zote. Andika peke yake, na uandike pia kama imeanza kupanda mti. Fiwi na mukuna hufanya hivyo bila aibu, na zinatakiwa kukatwa mita moja kutoka kwenye shina.

Baada ya ufunikaji, hesabu kwa aina. Mmea uliootea ndani ya fremu unahesabiwa hata kama majani yamelala nje. Uliootea nje hauhesabiwi hata kama umeegemea ndani. Ulio juu ya bomba lenyewe: hesabu wa upande wa kushoto na wa juu, acha wa kulia na wa chini. Ndago ihesabiwe kwa vichipukizi, kwa sababu mashina kumi unayoyaona yanaweza kuwa mnyororo mmoja wa vinundu chini ya ardhi. Ukoka (*Cynodon dactylon*) na sangari (*Digitaria abyssinica*) usijisumbue kuzihesabu; kwa hizo asilimia ya ufunikaji ndiyo kipimo pekee cha haki.

Usipolijua gugu, lipe jina la muda ("jani pana, maua meupe, 3"), ling'oe na mzizi, likandamize ndani ya gazeti na uandike namba ya fremu. Usiliandike "mengineyo". Gugu lililokuwa moja kati ya "mengineyo" mwaka huu linaweza kuwa ndilo limetawala mwaka kesho. Kama kuna gugu karoti (*Parthenium hysterophorus*), lishughulikie siku hiyohiyo ukiwa na glavu, kwani linawasha ngozi na mmea mmoja unamwaga maelfu ya mbegu.

Urefu: pima mimea mitatu ya gugu linalotawala. Hatua: mche, linakua, limechanua, limetoa mbegu. Safu hii ya mwisho ndiyo inayokuambia kama ulichelewa.

Mstari mmoja wa daftari unaweza kuonekana hivi:

B2 (bloku ya 2) – matandazo – mstari – fremu 4 – 14 Januari – magugu 18%, matandazo 75%, udongo 7% – ndago 21 (vichipukizi), kishona nguo 2, kongwa 1 – urefu ndago sm 19 – inakua.

Ukiisoma tu, picha inajitokeza: matandazo yamezuia vya mbegu, ndago imeyatoboa.

Pima asubuhi kuanzia umande unapokauka hadi saa tano hivi. Jua la mchana hukunja majani ya *Oxalis* na kulegeza magugu mengine, na ufunikaji wa 30% husomeka 20%. Wanaotumia simu wanaweza kupiga picha ya fremu kwa wima na kuipitisha kwenye Canopeo, programu iliyotengenezwa Oklahoma State University, inayotoa asilimia ya kijani. Ni nzuri kwa uwazi wa katikati. Chini ya mti inachanganywa na vivuli, na popote haiwezi kutofautisha desmodiamu na kishona nguo, kwa hiyo haichukui nafasi ya daftari.

Uzito mkavu

Idadi inapotosha: vimche 200 vya *Galinsoga*, gugu dogo la majani mapana, vyenye majani mawili si kitu mbele ya mimea sita ya mbangi mwitu iliyofika kiunoni. Uzito mkavu ndio unaoeleza magugu yamekula maji na mbolea kiasi gani.

Kata kila kitu ndani ya fremu usawa wa ardhi kwa mkasi au mundu mdogo, tenganisha nyasi, ndago na majani mapana, weka kwenye mifuko ya kaki iliyotobolewa matundu. Siyo ya plastiki. Majani yataoza na utakuwa unapima uozo. Sehemu uliyokata usiirudie msimu huo, weka kigingi. Kausha kwenye oveni ya nyuzi 70 kwa saa 48. Asiye na oveni atandaze mifuko juani, ilale ndani usiku, na apime kila siku mpaka siku mbili mfululizo uzito usibadilike. Wakati wa mvua inaweza kuchukua wiki. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja inafaa kwa fremu zenye magugu mengi. Kwa zile za matandazo zenye gramu tatu nne, tafuta inayosoma sehemu ya kumi ya gramu.

Majani yakiwa mengi mno, pima yote mabichi, chukua sehemu ya kukausha. Mfano: mabichi gramu 320, sehemu uliyochukua gramu 100, ikikauka gramu 19. Mkavu wote ni 320 × 19 ÷ 100 = gramu 60.8 kwa fremu, yaani gramu 243 kwa mita mraba. Pima mabichi palepale shambani. Ukibeba begi hadi nyumbani, maji yameshapungua na hesabu imeharibika.

Ufanisi wa njia unapatikana kwa kulinganisha na eneo lisilopaliliwa. Tuseme huko kuna gramu 240 na kwenye matandazo gramu 36: (240 − 36) ÷ 240 × 100 = 85%. Tumia eneo la kulinganishia la kipande hichohicho, siyo la bloku nyingine.

Lini

Kipimo cha kwanza ni Novemba kabla hujafanya lolote. Wengi hukiruka, kisha Machi wanasifu dawa kwa kipande ambacho tangu awali kilikuwa na magugu nusu ya wenzake. Baada ya hapo, pima wiki ya 2, ya 4 na ya 8 baada ya kila kazi, na kila mara kabla ya palizi inayofuata, siyo baada. Kipimo cha Juni, mvua ikiwa imekwisha, kinaonyesha magugu ya kudumu: ukoka, sangari na ndago zilizobaki wakati vya msimu vimekauka. Kwa kipande cha dawa, usihukumu kabla ya siku 14. Glaifoseti, dawa ya kuua magugu, huua polepole, na siku ya tano majani ya kijani yanaweza kuwa ya mimea inayoelekea kufa.

Kila njia na inavyoharibu kipimo chake

Jembe hutoa mazao ya wiki ya pili: maelfu ya vimche vya *Galinsoga*, kishona nguo na mchicha pori, kwa sababu limepandisha mbegu zilizozikwa na kuzionyesha mwanga. Hesabu ya wiki hiyo itakuwa kubwa kuliko njia zote, na ni kweli. Lakini kwa ukoka na ndago ubaya ni wa ndani: kila kipande cha shina la chini kilichokatwa kinaota, na jembe husambaza vinundu vya ndago kutoka kona moja hadi shamba zima. Kongwa nayo (*Commelina benghalensis*) hukatika na kushika mizizi upya ikiachwa juu ya udongo mbichi, na ina maua ya chini ya ardhi yanayotoa mbegu usizoziona. Kwa njia hii andika kina cha jembe na hali ya udongo siku ya palizi. Palizi ya udongo uliolowa na palizi ya jua kali ni njia mbili tofauti zenye jina moja.

Kufyeka kunapunguza urefu na mbegu, lakini miaka miwili mitatu inageuza uwazi kuwa zulia la nyasi zinazotambaa. Ufunikaji hautashuka, utakaa juu ya 80% na hilo si kushindwa, mradi liwe kwenye uwazi na siyo kwenye kisahani. Kinachotakiwa kupimwa hapa ni urefu na uzito. Andika urefu wa kufyekea: sentimita 8 hadi 10 huacha majani mapana yakiishi pamoja na nyasi, ukikwangua hadi ardhini unaukabidhi ukoka shamba lako. Majani yaliyofyekwa yanayotupwa kwenye mstari wa miti yahesabiwe kama matandazo, na mtu aangalie kama yalikuwa yameshatoa mbegu.

Matandazo yana kosa moja linalorudiwa kila mwaka: ni machache. Unene wa sentimita 10 hadi 15 yakiwa mapya hushuka kwa karibu nusu baada ya mvua. Kisahani cha nusu kipenyo cha mita 1.5, ukiacha sentimita 30 wazi kuzunguka shina, kina karibu mita mraba 6.8, kwa unene wa sentimita 12 kinahitaji mita za ujazo 0.8 kwa mti, ambayo ni rundo kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Pima unene kwa kuchomeka rula mahali patatu kila unapoweka fremu. Chini ya sentimita 5 unapima njia nyingine, siyo matandazo. Nyasi zilizokomaa mbegu huleta magugu yake, mabua ya mahindi huita mchwa, na fuko hupenda kukaa chini yake. Vyote viandikwe pembeni. Wa Njombe wa mabondeni wana jambo la ziada: usiku wa baridi kali ya Juni na Julai, udongo uliofunikwa hautoi joto lake, na mche mdogo juu ya matandazo huungua kwa jalidi kabla ya ule ulio juu ya udongo wazi. Yasogeze kando miezi hiyo, na uandike siku uliyoyasogeza, kwani magugu yataota hapo.

Dawa hupimwa vibaya kwa sababu kiasi hakijulikani. Kabla ya yote, jaza pampu maji matupu, puliza mita mraba 100 kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima maji yaliyopungua. Yakiwa lita 2, unatumia lita 200 kwa hekta. Lebo ikisema lita 3 za dawa kwa hekta, pampu ya lita 20 inafika mita mraba 1,000 na inahitaji mililita 300. Maji ya matope huua nguvu ya glaifoseti kwa kuwa hushikana na udongo, na majani yenye vumbi la barabarani vilevile. Gome la mti mchanga bado ni la kijani na linanyonya dawa, hivyo tumia kikinga kwenye nozeli au palilia kisahani kwa mkono. Kwenye daftari, tenga yaliyokufa, yaliyogeuka manjano na yasiyoguswa. Magugu yasiyoguswa mara mbili mfululizo, ya aina ileile, wakati jirani zake wamekufa, ndiyo ya kufuatilia: *Conyza* na *Eleusine indica* zimekwisha kuonyesha ukinzani dhidi ya glaifoseti katika nchi nyingi. Yakiwa ya aina zote na yamekaa kwenye ukanda mmoja, basi mpulizaji aliruka hapo.

Kusoma takwimu

Tuseme mstari wa miti una magugu 12% na uwazi 64%. Wastani wa shamba ni 0.29 × 12 + 0.71 × 64, karibu 49%. Ukimwonyesha mtu 49% atasema shamba limetelekezwa. Kwa mti, hali ni nzuri sana: mizizi inayolisha haishindani na kitu, na uwazi umeshikilia udongo. Kinyume chake, mstari 60% na uwazi 5% unatoa wastani mdogo zaidi, karibu 21%, na ni hali mbaya. Toa taarifa ya maeneo mawili kila moja peke yake. Wastani wa shamba uwe nyongeza tu.

Kisha panga magugu makundi matatu: ya msimu yanayotokana na mbegu, ya kudumu yenye mashina au vinundu vya chini, na yanayotambaa juu. Linganisha Novemba na Juni, na Novemba hii na ijayo. Njia iliyopunguza jumla kwa nusu huku ya kudumu yameongezeka mara mbili haijakusaidia. Kwa wanaochambua kwa programu ya takwimu, idadi ya magugu haina umbo la kawaida. Tumia kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha idadi au logi ya idadi jumlisha moja kabla ya kulinganisha njia, na usiondoe sufuri.

Pima na mti. Kipenyo cha shina sentimita 10 juu ya kiungo cha kubebeshea, palipowekwa alama ya rangi, Novemba na Juni. Kama njia mbili zina magugu tofauti na miti inanenepa sawa, chagua ya gharama ndogo. Ndiyo maana saa za kazi na pesa za dawa au matandazo ziandikwe kwa kila kipande.

Mwisho wa msimu chota udongo wa sentimita 0–5 na 5–15, vijiko 20 kwa kila kipande, changanya kila kina peke yake, tandaza unene wa sentimita 2 au 3 kwenye trei zenye matundu na umwagilie. Weka trei moja ya udongo uliochemshwa kati yao. Gugu likiota humo, limeletwa na upepo na halihesabiwi. Kila wiki hesabu vimche na ung'oe, wiki ya nne vuruga udongo, endelea hadi wiki ya kumi. Ndago haipimiki vizuri kwa njia hii. Kwa hiyo osha kilo mbili za udongo kwenye chekecheke na uhesabu vinundu vilivyo vigumu ukivibonyeza. Vilaini vimeoza.